Mkono wa Kemilembe

Kuna Jumatano moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na jana uliponipigia simu ilinirudia yote kama ilivyokuwa. Ulisema umepangiwa somo la michezo huko Kyerwa, kwamba shule ina raketi sita tu na darasa lina watoto hamsini na tisa, na kwamba umeamua kuchagua wenye vipaji ili usipoteze muda. Sikukujibu vizuri. Nilisema, "Sawa, tutaongea," kisha nikakaa jikoni hadi moto ukanizimikia. Sasa nimeshika kalamu, maana ya kwenye simu husahaulika. Mimi shangazi yako sipendi kuyatangaza makosa yangu, lakini hili nataka ulijue kabla hujaingia uwanjani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na cheti, sanduku la bati na sifa moja niliyojivunia kupita kiasi: chuoni hakuna msichana aliyenishinda mpira wa vinyoya, badminton. Nikapangiwa shule ya msingi huku Kituntu. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Rwegasira, alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka, anayependa shule yake isikike. Wiki ya pili aliniita ofisini akanionyesha mfuko aliopewa na mgeni mmoja wa kanisa. Ndani mlikuwa na raketi nne na kopo la vinyoya.

"Mwalimu Generoza," akasema, "mwisho wa muhula kuna mashindano ya shule pale Kayanga. Hatujawahi kurudi na kikombe. Safari hii nakutegemea wewe."

Nilifurahi, mwanangu. Nilijiona tayari nimekibeba hicho kikombe.

Kinyoya hakitaki upepo, nawe unaujua upepo wa vilima vyetu. Kwa hiyo tulitafuta sehemu nyuma ya madarasa, ambako migomba ya jirani iliukinga. Mistari tukaichora kwa majivu ya jikoni. Wavu hatukuwa nao. Tulifunga kamba kati ya nguzo mbili, tukaining'inizia vipande vya magunia. Watoto wa darasa la sita, sitini na wawili, walikuja wakikimbia. Walikuwa hawajawahi kuona raketi. Walitaka tu kuishika.

Somo la kwanza nililifundisha kama nilivyofundishwa. Nikainua raketi juu, nikasema, "Inashikwa hivi, kama mnavyosalimiana kwa mkono. Mkono wa kulia. Asinionyeshe mtu mkono wa kushoto hapa, huo tunaijua kazi yake." Watoto wakacheka. Nami nikacheka. Maneno hayo yalinitoka kirahisi, kama kikohozi.

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeshachagua wanane wangu. Wanane hao ndio walioshika raketi, kwa zamu, wawili wawili kila upande wa kamba. Wengine hamsini na wanne walisimama kuuzunguka uwanja, na kazi yao ilikuwa kuokota kinyoya kikitoka nje. Niliita hilo somo. Kwenye andalio langu la somo niliandika kwamba darasa zima limeshiriki.

Kati ya waliosimama alikuwamo msichana mmoja, Kemilembe. Miaka kumi na miwili, mrefu kwa umri wake, mkimya. Wazazi wake walihamia mbali kutafuta kazi, naye alilelewa na babu yake, Mzee Byabato, fundi seremala ambaye madawati yote ya shule yetu aliyatengeneza yeye. Jumatano ile, siku yetu ya somo la michezo, mmoja wa wanane wangu aliumwa tumbo, nikahitaji mtu wa kujaza nafasi. Kemilembe alinyoosha kidole. Hakuwa na kawaida ya kunyoosha kidole.

Nikampa raketi. Kinyoya cha kwanza kikampita. Cha pili akakipiga kwa ukingo kikaanguka miguuni pake. Cha tatu kikampita tena, na safari hii raketi ilimponyoka ikagonga nguzo, na uzi mmoja ukakatika. Raketi moja kati ya nne! Nilihisi joto kupanda hadi masikioni. Nikaenda pale, nikamnyang'anya.

"Kaa pembeni," nikamwambia, mbele ya wote. "Huo ni mkono wa jembe. Raketi waachie wenzako."

Darasa zima likaangua kicheko. Kemilembe hakulia. Aliangalia mkono wake wa kulia, akauficha nyuma ya sketi, akarudi mahali pake. Hiyo ndiyo Jumatano ninayokuambia.

Jumatano iliyofuata hakuja shule. Na iliyofuata hakuja. Nilipouliza, watoto walijibu, "Jembe haumwi, mwalimu, yupo kwao." Jembe. Jina lilikuwa limeshamkaa, na aliyempa alikuwa mimi. Hata hivyo moyo wangu ulikuwa mgumu. Nilimwambia Mwalimu Rwegasira kwamba mtoto ni mvivu. Kisha akaanza kukosa Alhamisi pia, na Ijumaa, hadi wiki nzima ikapita bila yeye.

Siku moja asubuhi Mzee Byabato alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Sikuja kugombana. Nakuomba ufike nyumbani leo ukitoka kazini. Uje kwa macho yako uone kitu."

Aliwaaga wengine kwa heshima, akaondoka.

Njia nzima nilikuwa nikipanga utetezi wangu. Nilimkuta Kemilembe uani, ameketi juu ya mkeka na kisu kidogo, akimenya ndizi za jioni. Karibu yake palikuwa na sufuria kubwa. Mwanangu, nimezaliwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, nimeona ndizi zikimenywa maisha yangu yote, lakini sikuwa nimeona kasi ile. Kisu kiliteremka mara tatu, ganda chini, ndizi ndani ya maji, wala hakutazama. Ilinichukua muda kutambua nilichokuwa nakiona. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto.

Mzee Byabato alinipa kigoda, naye akaketi kwenye kipande cha gogo.

"Jembe analishika kwa kushoto," akasema. "Kuni anazipasua kwa kushoto. Nimempa nyundo akanipigia misumari, kwa kushoto. Umeona?"

"Nimeona, mzee. Sikujua."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Ulimwambia ashike kwa kulia, akashika kwa kulia. Alikutii, mwalimu. Halafu ukamcheka kwa sababu alikutii."

Nilijaribu kusema kwamba sote tumelelewa hivyo, kwamba mkono wa kulia ni wa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kumpa mtu kitu kwa kulia ni adabu, nami nimemfundisha. Anakula kwa kulia, anasalimia kwa kulia. Lakini raketi si salamu. Ni kazi. Na mtu hufanya kazi kwa mkono aliopewa na Mungu."

Nimewahi kukaripiwa na watu wakubwa, mwanangu, wakaguzi na maofisa, na wengine walinipigia meza. Hakuna aliyenifikia ndani kama mzee yule aliyesema kwa upole huku akipangusa vumbi la mbao kwenye magoti.

Nikamgeukia Kemilembe. "Kwa nini hukuniambia?"

Hakuacha kumenya. "Ulisema mtu asikuonyeshe mkono wa kushoto, mwalimu."

Nilitoka kwenye kigoda nikakaa chini, pale mkekani, gauni langu la kazini na vyote. "Nilikosea," nikamwambia. "Nisamehe."

Alinitazama kidogo, halafu akatazama sufuria. "Wenzangu wananiita Jembe," akasema. Hilo tu. Sikusamehewa siku ile, na sikustahili. Nilichokisema kwa watu sitini nilikuwa nimekuja kukifuta kwa watu wawili.

Kesho yake nilimwambia Mwalimu Rwegasira kwamba nataka dakika mbili mstarini. Alipojua sababu alikunja uso. "Mwalimu haombi radhi kwa mwanafunzi. Ukifungua mlango huo, kesho watakupanda kichwani." Nikamjibu kwamba nitaomba, na kama kuna adhabu aniandikie. Nilikuwa nimeshaamua.

Niliposimama mbele ya shule nzima niliwaeleza nilichosema na kwamba nilikuwa nimekosea. Nikasema jina la mwenzao ni Kemilembe. Kisha nikaenda na darasa la sita nyuma ya madarasa, nikashika raketi kwa mkono wangu wa kushoto, nikawaambia wanirushie. Cha kwanza kikanipita. Nilikosa kumi na moja mfululizo. Walicheka hadi wakashika matumbo, nami nikawaacha wacheke. Nilipoishusha raketi nikawauliza, "Sasa mimi nina mkono wa nini?" Vicheko vilikatika kimoja kimoja.

Kemilembe alirudi shule wiki ile. Lakini raketi hakuigusa. Nilipomkaribisha alitikisa kichwa, akasimama pembeni mikono nyuma.

Nikaona kwamba maneno yangu yamefika mwisho wa nguvu zake. Kilichobaki kilikuwa kazi. Kama nataka kumfundisha mtoto wa shoto, lazima nijue shoto inavyofanya kazi. Nikakunja majani makavu ya mgomba nikatengeneza mpira, nikautundika kwa kamba kwenye nguzo, usawa wa kifua. Kila asubuhi kabla ya kengele nilikuwa pale, raketi mkono wa kushoto, nikipiga. Siku za kwanza niliukosa hata mpira uliosimama. Bega likauma. Ngozi ya kiganja ikachubuka. Walimu wenzangu waliokuwa wakipita na vikombe vyao vya chai waliniuliza kama nimepatwa na kitu. Niliendelea.

Siku ya tisa au ya kumi nilisikia ufagio umesimama nyuma yangu. Ilikuwa zamu ya Kemilembe kufagia. Alikuwa ananitazama, na nadhani hakuwa ameanza siku hiyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unaonaje?"

Akasita. "Mguu, mwalimu."

"Mguu una nini?"

"Umetanguliza wa kushoto. Tanguliza wa kulia, ndiyo bega lipate nafasi ya kuzunguka."

Nikatanguliza wa kulia. Nikapiga, na mpira ukazunguka nguzo mara mbili. Kwa mara ya kwanza sikuumia bega. Nilimgeukia nikamnyooshea raketi, kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa kumpa mtu kitu. Aliipokea kwa kulia, akaihamishia kushoto. Akapiga. Kamba ilikatika, mwanangu! Mpira uliishia kwenye migomba ya jirani.

Hakucheka yeye, nilicheka mimi, hadi machozi.

Baada ya hapo nilibadilisha kila kitu. Nilimwendea Mzee Byabato nikamweleza kwamba nahitaji kila mtoto awe na kitu mkononi. Alichukua mabaki ya mbao zake akatuchongea vibao vya mpini mfupi, vyepesi, akavilainisha kwa msasa ili visichome viganja. Alivileta mwenyewe kwenye baiskeli, mafungu mawili, na hakutaka hata nimshukuru mbele za watu. Tukaweka nguzo nyingine na kamba nyingine. Somo likaanza kwa puto na kiganja kitupu, maana puto linashuka polepole na jicho linapata muda wa kulifuata. Kisha kibao na puto. Kisha kibao na mpira wa kutundikwa. Kinyoya na raketi vilikuja mwisho, kwa zamu, na kila mtoto alipata zamu yake. Kabla ya kumpa mtu kibao nilikuwa namwambia, "Chota maji nione." Alijifanya anachota, nami nikajua mkono wake. Katika sitini na wawili nilipata watano wa shoto. Watano! Wanne walikuwa wamekaa kimya muda wote, na mmoja wao alikuwa kwenye wanane wangu, akihangaika na kulia bila kusema.

Nikawakataza kushindana kwa wiki kadhaa. Wawili wanasimama mkabala, wanasaidiana kukiweka kinyoya hewani, wanahesabu kwa sauti. Mwenye kupiga vibaya anamwangusha mwenzake, kwa hiyo kila mmoja alijifunza kumpigia mwenzake pazuri. Uwanja ule ulikuwa na kelele za kuhesabu kama soko la Kayanga siku ya mnada. Mwalimu Rwegasira alikuja, akasimama, akatikisa kichwa.

"Na kikombe?" akaniuliza.

"Tutakwenda kukitafuta," nikasema. "Lakini watakaokwenda ni wale watakaofikisha mapigo ishirini na wenzao, awe nani."

Waliofikisha ishirini walikuwa kumi na watatu. Nafasi zilikuwa sita, kwa hiyo tukapiga kura. Kemilembe alikuwamo.

Siku ya mashindano tulipanda nyuma ya pikapu, watoto wakiimba hadi tunaingia Kayanga. Uwanja ulijaa. Zamu ya Kemilembe ilipofika, akaishika raketi kwa kushoto, nikasikia minong'ono, kisha kicheko upande wa pili. Mwalimu mmoja wa shule nyingine akamwambia mwamuzi, kwa sauti ya kusikika, "Mfundisheni kwanza kushika."

Kemilembe alinigeukia. Nilijua anachotafuta usoni mwangu. Anatafuta kama nitaona haya.

"Huo ndio mkono wako," nikamwambia. "Cheza."

Akacheza. Vinyoya vyake vilikuwa vinatoka upande ambao mpinzani hakuutazamia, na mchezo wa kwanza aliushinda kabla watu hawajamaliza kushangaa. Wa pili alikutana na msichana wa shule ya mjini, mzoefu, mwepesi wa miguu. Walichuana wawili hao, mwanangu, hadi watu waliokuwa wanaangalia kandanda wakahamia kwetu. Alishindwa kwa pointi mbili. Alitoka akiwa analia, na mimi nilimshika bega tu, kwa sababu kilio kile nilikielewa: ni cha mtu aliyetaka kushinda na aliyejua anaweza.

Tulishika nafasi ya tatu. Hakuna kikombe cha nafasi ya tatu. Njiani Mwalimu Rwegasira alikaa mbele na dereva, na tuliposhuka akaniambia, "Ungewashikilia wale wanane, tungekuja na kitu." Nikamjibu, "Huenda." Sikumdanganya. Mpaka leo sijui. Huenda kweli tungeshinda.

Lakini Jumatano iliyofuata nilikwenda nyuma ya madarasa nikakuta mistari ya majivu imeshachorwa, kamba imeshafungwa, na Kemilembe yuko upande mmoja na watoto wa darasa la nne, anawaambia wachote maji ya hewani mmoja mmoja. Sikumtuma. Na jina lile la Jembe sikulisikia tena shuleni.

Usinisubiri niseme kwamba alikuja kuwa bingwa wa taifa. Hakuwa. Alimaliza shule, akaolewa upande wa Murongo, ana duka la vifaa vya ujenzi pale karibu na mpaka, na akisimamia mzigo wake unashushwa hakuna dereva wa lori anayemzungusha. Tulikutana mazishini kwa babu yake. Tulikaa pamoja, hatukuzungumza habari za raketi hata kidogo. Alinishika mkono tu, kwa muda mrefu, mpaka mchungaji akaanza kusali.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikwambie bila kuzunguka.

Usichague wenye vipaji. Bado hujui ni akina nani. Mtoto aliyepiga vizuri wiki ya kwanza amekuonyesha tu kwamba alichokutana nacho kimemkubali mapema. Wape wote kitu mkononi, hata kama ni kibao, hata kama ni kiganja. Mtoto anayesimama pembeni kuokota hajifunzi mchezo. Anajifunza kwamba yeye ni wa pembeni, na somo hilo hulishika haraka kuliko lolote utakalofundisha.

Muulize mtoto kabla hujamrekebisha. Tazama anavyochota maji, anavyofagia, anavyorusha jiwe. Anzia pale alipo. Anza na kinachoshuka polepole, ndipo uende kwa kinachopaa. Na ukiona mtoto mtiifu anashindwa kila siku, jikague wewe kwanza, huenda anashindwa kwa sababu anakufuata.

Chunga mdomo wako ukiwa na hasira. Uzi wa raketi niliufunga mwenyewe kwa nusu saa. Neno lile lilinichukua muhula mzima, na sina hakika kama lilipona lote.

Ukikosea mbele ya darasa, omba radhi mbele ya darasa. Hawatakupanda kichwani. Mimi walinipenda zaidi, na walinyoosha vidole zaidi.

Na wakikuuliza kikombe kiko wapi, wajibu kwamba unakitafuta, na ukitafute kweli, kwa bidii, kila siku, kabla ya kengele. Sikuambii uache kutaka kushinda. Nakuambia uende huko na watoto wote.

Mungu aliyekuita kwenye kazi hii akupe macho ya kuwaona hamsini na tisa wako mmoja mmoja. Akupe subira ya asubuhi na nguvu ya jioni. Auzuie upepo upande wa uwanja wako. Watoto watakaopita mikononi mwako wakutaje kwa wema majumbani mwao, nawe uzeeke ukiwa bado unajifunza. Nenda, mwanangu, kafundishe.